Mistari Isiyokutana

Mistari haikukutana.

Ndila aliondoa jicho kwenye hadubini, akapangusa lenzi, akatazama tena. Kushoto lilikuwa ganda la risasi lililookotwa sakafuni Witeithie miaka sita iliyopita, siku Waruguru alipouawa nyumbani kwake. Kulia, ganda la risasi ambayo Ndila mwenyewe aliifyatua maabarani kwa bastola iliyokutwa darini mwa nyumba hiyo, bastola ya Kaleli, mumewe Waruguru. Wakati huo Ndila aliandika kwamba maganda hayo mawili yametoka kwa bastola moja. Akaweka sahihi. Kaleli akafungwa maisha.

Pini ya bastola inapogonga kitako cha risasi huacha mikwaruzo myembamba kuliko unywele, na hakuna bastola mbili zinazokwaruza sawasawa. Hilo Ndila aliwafundisha wengine. Sasa alikuwa akiangalia mikwaruzo iliyokataa kabisa kuungana.

Kilichomrudisha kwenye faili hii ni bastola nyingine, iliyonaswa wiki hiyo kwa majambazi Thika. Alipoifyatua kwenye tangi la maji kuijaribu, aliona kwenye kitako cha ganda lake kovu dogo lililopinda kando ya alama ya pini, akakumbuka amewahi kuliona. Akaenda stoo ya vielelezo, akatoa ganda la Witeithie, akaliweka kando ya hilo jipya. Yalilingana mstari kwa mstari.

Tangu siku ya kwanza Kaleli alisema: wezi waliingia, wakampiga mke wangu risasi, wakatoroka. Hakuna aliyemwamini. Kulikuwa na karatasi ya Ndila.

"Ulikosea wapi?" aliuliza Muriithi, mkuu wa kitengo chao.

"Bastola zote mbili ni za aina moja. Niliona umbo la pini linafanana nikatosheka, mikwaruzo sikuifuatilia. Ilikuwa Ijumaa. Harusi yangu ilikuwa kesho yake."

Muriithi alivua miwani. "Ukienda kusema hivyo kortini, kazi yako imeisha. Unajua?"

"Najua, boss."

Alikwenda akasema, kwenye rufaa ya Kaleli. Alisimama kizimbani saa mbili nzima akieleza jinsi alivyoharakisha, na wakili akamfanya arudie neno harusi mara tatu. Kaleli alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi kabla ya wakati. Jaji alipofuta kifungo chake, Kaleli alimgeukia Ndila, akainamisha kichwa.

"Asante, madam," alisema.

Ndila angependelea atukanwe. Usiku huo, kwake Ruiru, hakuweza kuiangalia picha ya harusi iliyoning'inia sebuleni. Aliigeuza ikatazama ukuta. Mumewe alimwambia mara kadhaa kwamba amefanya la haki, na kila aliposema hivyo Ndila alihesabu upya: miaka sita, krismasi sita, mtoto aliyekua bila baba.

Jambo moja lilimkera zaidi. Mamake Kaleli, Mbithe, hakuonekana kortini siku hata moja ya rufaa hiyo. Ndila alijiambia kwamba mama huyo alikata tamaa, na aliyemkatisha ni yeye.

Asubuhi iliyofuata, karatasi za Kaleli zikiwa bado zinapigwa muhuri gerezani, alikwenda Witeithie, kwenye nyumba ile ile. Alitaka mama huyo asikie habari kwake kwanza.

Alimkuta Mbithe uani, mwanamke wa miaka sitini na ushee, akifua sare za shule. Kando yake mjukuu wake Mwikali, mtoto wa Waruguru, alikuwa akisuuza soksi.

"Habari ya asubuhi, mama. Sijui kama unanikumbuka."

"Nakukumbuka," alisema Mbithe. "Wewe ndiye ulikuja kortini na ile ripoti ya bunduki."

"Ni mimi. Mama, nilikosea. Bastola ya Kaleli siyo iliyomuua Waruguru. Jana jaji alimwachilia. Anakuja nyumbani leo."

Mbithe aliangusha sare ndani ya karai. Povu lilidondoka kutoka vidoleni mwake.

"Mwikali," alisema bila kugeuka, "enda kwa Mama Nadira. Ukae huko mpaka nije mwenyewe kukuchukua. Sio mtu mwingine. Mimi."

Mtoto akaenda mbio. Mbithe akakaa kwenye kistuli, akajifunika uso kwa leso, akalia. Ndila alipiga magoti mbele yake, kwenye matope ya maji ya sabuni, naye akalia.

"Nisamehe, mama. Nilimfunga mtu asiye na hatia kwa sababu nilikuwa na haraka ya mambo yangu. Hata usiponisamehe, nitakuelewa."

"Hiyo bunduki nyingine," Mbithe aliuliza, uso bado umefunikwa, "mliipata kwa nani?"

"Kwa majambazi wa Thika. Wanasema waliinunua kitambo. Lakini tunaamini ndio walioingia hapa."

Mbithe alishusha leso. Alimtazama Ndila kama mtu anayemhurumia.

"Hapa hakuingia mtu," alisema. "Kaleli alimpiga mkewe risasi mbele yangu, Mwikali akiwa mgongoni kwangu. Kesho yake akaenda kuiuza hiyo bunduki, akarudi na ile mliyoipata darini, akaniambia nikifungua mdomo, risasi ya pili ni yangu. Nikanyamaza. Wewe ndiye ulisema badala yangu." Akasimama, akafuta mikono kwenye rinda. "Sasa niambie, binti yangu, anafika saa ngapi?"