Mchi wa Bi Mwatumu

Mji ulimfanyia karamu Sajini Kasiga. Wakati wa vita ndiye aliyeendesha kifaru chenye beleshi pana la chuma mbele, akasukuma nyumba nzima ndani ya handaki la adui ili askari wapite juu yake.

Mwenye nyumba hiyo, Bi Mwatumu, alimsogelea hapo karamuni akiwa na mchi uliovunjika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Dada yangu alikuwa ndani, hawezi kutembea. Nilimwambia mkifika atwange kinu kitupu, mjue kuna mtu. Ulisikia?"

Siku ile Kasiga alikuwa amezima injini kwenye ukuta wa nyumba, akasikia. Hata kwao kinu kitupu hutwangwa kuomba msaada. Lakini redioni walimfokea aharakishe, akabonyeza kitufe cha kuwasha kwa kidole gumba.

"Kifaru kina kelele sana, mama."

"Alhamdulillahi." Bi Mwatumu akafuta machozi. "Nilikuwa silali, nikidhani mlisikia. Kula, baba."

Akampakulia pilau kwa mkono wake.

Nyuma ya turubai wapishi wakaanza kutwanga bizari. Kidole gumba cha Kasiga kikabonyeza hewa, kikabonyeza tena.