Dawa ya Rejeta

Mshindo alikuwa akimpeleka bibi harusi wake nyumbani gari lilipoanza kufuka mvuke katikati ya soko. Lilikuwa gari la marehemu babake, kuukuu kuliko wao wote wawili, na rejeta yake ilikuwa inavuja. Akashuka, aibu imemjaa usoni.

"Nikuitie teksi, Sikudhani?"

"Teksi ya nini, mume wangu? Tungoje ipoe."

Wauza nyanya waliokuja kuchungulia wakaanza kuimba. Sikudhani, mjane ambaye hakutarajia kuvaa shela tena, akacheza nao mpaka jasho likamtiririka. Rejeta ilipopoa, akatoa mkobani chupa ya dawa ya kuziba matundu.

"Hiyo umeinunua lini?" Mshindo akashangaa.

"Siku uliyoniposa. Nilijua nikikukubali wewe, nimelikubali na gari lako."

Akaimimina kwa mikono yenye hina, wakaongeza maji, wakawasha injini. Wote wakainama kutazama chini. Matone yakapungua, yakachelewa, likabaki moja likining'inia bila kudondoka. Mshindo akaangua kicheko, akamfungulia mkewe mlango wa dereva. Gari likaondoka polepole, shela likipepea dirishani.