Vipimo vya Bwana Harusi

Mlangoni mwa fundi Shamte palikuwa na kibao: USIINGIE NA SILAHA. Mteja alikisoma, akafunga kifungo cha koti, akaingia.

"Nipime suti ya harusi, fundi."

Fundi alizungusha futi kiunoni mwake. Ikakwama juu ya kitu kigumu.

"Inchi ngapi?" aliuliza mkewe, Bi Zuhra, kalamu mkononi.

"Thelathini na sita. Na bastola."

Mteja akacheka. "Kibao chenu ni cha wezi, mama. Mimi mtu wa heshima."

"Hata yule mteja mwingine alikuwa mtu wa heshima. Alipokuwa akipimwa hapo uliposimama, bastola ilimponyoka ikamuua binti yetu."

"Sasa binti alikaa karibu kwa nini?"

Akiwa nyuma ya mteja, fundi aliishika futi utosini mwake, akaishusha taratibu, kupita kiunoni, hadi kisiginoni.

"Kwani suti hupimwa hivyo?"

Bi Zuhra aliandika urefu. Kisha akateremsha jora la bafta nyeupe, lile lile walilomkatia binti yao sanda, akalitandaza mezani.

Mteja akaacha kucheka. Akapeleka mkono kiunoni, ukakuta mkanda mtupu.