Kamba ya Lifti ya Wagonjwa

Fundi lifti wa hospitali hakuwa na pensheni, hakuwa na mtoto mwenye kazi, wala meno ya mbele.

Alipitisha kitambaa kwenye kamba ya chuma inayobeba wagonjwa, kikanasa mara saba. Nyuzi za kamba zilikuwa zimekatika. Akazima lifti, meneja akaiwasha.

"Andika kamba ni nzima, mzee wangu," alisema meneja, mwenzake wa kwaya. "Aliyekutangulia alikuwa mbishi hivyohivyo. Mkewe anamtafuta mpaka leo."

"Jumapili tuliimba kuwapenda wagonjwa, bwana."

"Jumapili imepita. Leo tuko kazini."

Fundi alimwandikia mkaguzi wa serikali, akatia jina lake kamili. Meneja alimfuata polepole hadi getini. Fundi akalamba bahasha, akaifunga, akaitumbukiza kwenye sanduku la barua lililokuwa hapo.