Mamba wa Gatumba

Kwenye kabare, kilabu cha pombe cha Cibitoke, Léonce, askari aliyerudi kutoka vitani na mguu mmoja, aliapa tena kwamba mguu wa pili uliliwa na mamba pale Gatumba, mamba mrefu kuliko lori la bia. Watu wakacheka.

"Apana, afande," akasema mgeni aliyetoka juzi kwa waasi. "Lile bomu la njiani lililokukata mguu nililitega mi."

Kicheko kikakatika.

Mgeni akaonja pombe ya mtama, kuonyesha haina sumu, kisha akamsogezea Léonce chungu na mrija uleule. Ncha yake ilimeremeta kwa mate.

Léonce akaiziba kwa kidole, asinywe.

"Kumbe mamba ni we?"

"Ni mi."

Léonce akaunyanyua mkongojo wake, akamrudishia mgeni mrija.

"Onja tena."