Kitanda cha Jirani

Mashine ilisimama ghafla juu ya sikio la kushoto. Kinyozi akapuliza nywele, akapapasa kwa kidole gumba, akakuta kibonde. Akapapasa tena. Vilikuwa vitatu, vyote vya ukubwa mmoja.

"Ulianguka, mwanangu?"

"Ndiyo."

"Mara tatu, mahali pale pale? Basi una shabaha."

Mvulana hakucheka. Nyuma yao, kwenye benchi, baba yake fundi bomba alikuwa ameinamia viatu vyake.

Kinyozi huyu alikuwa na dawa ya kila jambo, isipokuwa upara wake mwenyewe. Watu walimwambia ya chumbani na ya mahakamani kwa sababu ya sharti lake moja: hakuuliza majina. Ukimuuliza mtu jina la mbaya wake, alisema, kesho atakwenda kunyolewa kwingine.

Simu ya fundi ikaita, akatoka nje.

"Mficha maradhi, mwanangu…" kinyozi akaanza, kisha akaendelea kunyoa.

Mvulana akasema yote, macho yake yakiwa kwenye kioo. Kuna kijana wa kidato cha mbele yake. Mbele ya watu ni mpole, hapiti bila kuamkia. Walimu wakiingia kikaoni, anatia kufuli la sanduku ndani ya soksi, anakaza fundo, anakuita. Anakupiga nalo, nawe unahesabu kwa sauti. Ukikosea hesabu, anaanza upya.

"Walimu wanajua?"

"Walituambia tupatane. Tukapeana mikono mbele ya shule nzima. Jioni yake nilihesabu hadi thelathini."

Kinyozi alikuwa na wajukuu wa rika hilo. Alisikia uchungu, akaiweka mashine chini.

"Nitakutafutia shule nyingine."

"Kila shule ina mtu kama yeye, mjomba."

"Si ile ya dada yangu."

Dada yake alikuwa matroni katika shule ya bweni, safari ya kutwa nzima kutoka pale. Kinyozi alimpigia papo hapo, taulo begani. Matroni hakuwa mtu wa maneno mengi. Nafasi ipo, akasema. Atamweka karibu na mlango wake. Kitanda cha jirani hakina mtu, na atakiacha hivyo hivyo mpaka mtoto azoee.

Wiki tatu baadaye fundi bomba alirudi peke yake. Hakukaa kitini. Alimshika kinyozi mikono yote miwili, na ile yake ilikuwa bado na kutu ya mabomba.

"Analala," alisema. "Matroni anasema kengele ya asubuhi inamkuta usingizini. Akija likizo nyumbani alikuwa akilala amekinga kichwa kwa mikono, bwana wewe. Mwaka mzima."

"Wema hauozi," kinyozi akajibu.

Wiki ile alikisimulia kisa hicho kwa kila aliyekaa kwenye kiti chake. Majina hakutaja, ila shule zote mbili alizitaja, na sifa za dada yake aliziongeza chumvi kidogo.

Jumamosi akaja mama mmoja, muuza vitambaa, na mwanawe. Kijana alikuwa mrefu, mwembamba, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Aliwaamkia wote waliokuwa benchini, mmoja mmoja, kisha akakaa kitini na kutulia.

"Nimesikia umemwokoa mtoto wa watu kutoka shule ile," mama akasema. "Na huyu wangu ni huko huko. Wamemwandama, baba. Kila siku kesi, kila siku naitwa. Nimemtoa mwenyewe kabla hawajammaliza. Naomba na yeye umtupie jicho."

Kinyozi aliitazama ile bendeji. Alijua jinsi mkono unavyonyanyuka wenyewe kukinga kichwa, kwa hiyo hakuuliza kitu. Alinyoa polepole, akitafuta kwa kidole gumba alichokizoea. Kichwa kilikuwa laini kote, hakina hata mkwaruzo. Akashusha pumzi. Huyu, alijiambia, amewahiwa.

"Utamkuta mwenzako kule," akasema. "Mtoto wa fundi bomba. Mnafahamiana?"

Kijana akainua macho kwenye kioo. Kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Sana, mjomba. Tulikuwa bweni moja. Aliondoka bila hata kuniaga."

Kinyozi akahisi machozi yanamlengalenga. Alichukua simu, akasogea dirishani. Matroni alikuwa na shaka. Mtoto ndiyo kwanza ameanza kuchangamka, alisema, na kile kitanda alitaka kibaki wazi hadi mwisho wa muhula.

"Dada, mtu hafarijiwi na kitanda kitupu," kinyozi akasema. "Hawa wametoka jiko moja. Mweke hapo hapo, jirani yake. Nakuomba mimi kaka yako."

Matroni akakubali.

Mama muuza vitambaa alilia, akacheka, akalia tena. Hakujua amshukuru vipi mtu asiyemjua hata jina. Alimpangusa mwanawe nywele shingoni kwa upande wa khanga yake, huku akitaja kila alichomnunulia kwa ajili ya kuanza upya.

"Godoro jipya, shuka mpya, ndoo mpya, sanduku jipya. Kufuli tu ndilo amekataa katakata. Anasema lile la zamani mkono wake umeshalizoea."