Hatua Moja Kando ya Rangi

Wafanyakazi wote wa maabara walikuwa wametangaziwa, kwa barua yenye muhuri, kwamba ni marufuku kuweka vikombe vya chai juu ya mashine ya kupimia nguvu ya zege.

Mhandisi aliondoa kikombe chake, akaweka mahali pake kipande cha zege alichokichomoa asubuhi katika barabara mpya ya mteremkoni.

Kilikuwa kifupi. Alikipima kwa rula, akakigeuza, akapima tena; zege halikurefuka kwa kugeuzwa. Barabara iliyosanifiwa iwe na unene wa shibiri nzima ilikuwa na nusu yake.

"Binti yangu, ulitoboa wapi?" aliuliza mkuu wa idara.

"Hatua moja kando ya alama ya rangi."

"Mkandarasi hutuwekea alama ili tusihangaike."

"Ndiyo maana hatujawahi kuhangaika, mzee. Sampuli zote hufaulu."

Mkuu alicheka peke yake. "Anayetafuta kidonda hukipata. Usanifu una uhakika wa asilimia tisini na tano. Wewe umeangukia zile tano, basi."

Mhandisi hakuketi. Kesho barabara ingefunguliwa, na wa kwanza kuushuka mteremko ule na lori la mafuta angekuwa kaka yake, ambaye kwa furaha alikuwa ameosha hata matairi. Alifuta vumbi la zege vidoleni, vikabaki vyeupe.

"Na nisipotia sahihi kwenye cheti cha kuipitisha barabara?"

Mkuu alivuta karatasi, akatafakari kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kula, akaandika uamuzi: barabara ifunguliwe kama ilivyopangwa, tundu la asubuhi lizibwe, na sampuli zisitobolewe tena nje ya alama.